Kidole cha Mama Mdogo

Wiki iliyopita nilianika sweta la mwanangu likakataa kukauka. Hapa Singida mjini kulikuwa na manyunyu siku tatu mfululizo, pamoja na ule upepo wa mwezi wa saba, na nilipolianua jioni nikalinusa kama tunavyofanya sote. Harufu ya sufu iliyolowa ikanisimamisha uani na vibanio mkononi mpaka mtoto akaniita mara mbili. Sufu ikilowa hunuka mnyama. Kwangu mimi hunuka mbuzi, moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe na mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto. Hunikumbusha pia mwanamke mmoja niliyemchunguza msimu mzima wa baridi, nikiamini kwamba anatuulia mifugo.

Niseme mapema kuwa mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu hunitania kwamba nikiletewa zawadi naigeuza kwanza nione chini. Sikatai. Lakini sikuzaliwa hivyo, na kama nikitakiwa nionyeshe mahali nilipoanzia, nitaonyesha nyumba ya tembe yenye paa la udongo ng'ambo ya Ikungi, chumba cha mwisho, pale walipokuwa wakilala wanambuzi.

Mama yangu alifariki tukiwa Mwankoko, hapa hapa Singida mjini. Alikuwa na mbuzi mmoja chotara, jike lenye mabaka ya kahawia, akamwita Mabaka, na kila asubuhi alimkamua mwenyewe uani akiwa amevaa sweta lake la zambarau ambalo kiwiko chake kimoja alikitia kiraka cha uzi wa kijani. Alipoondoka, baba aliacha useremala, akarudi kijijini kwa bibi kulima, akamchukua Mabaka na masanduku ya nguo. Mimi niliachwa kwa shangazi mjini. Baada ya mwaka shangazi alisema nyumba yake imejaa, nami nikapelekwa kijijini mwishoni mwa mwezi wa tano, darasa la tatu, na begi la shule na ndoo. Nilimkuta baba ameoa Mgogo kutoka upande wa Manyoni.

"Huyu ni mama yako mdogo," baba alisema. "Msalimie."

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani."

Lile neno mwanangu lilinikaa vibaya. Nilijiambia kwamba hatanipata kwa maneno. Baba alinipeleka zizini akanionyesha Mabaka, tumbo limeanza kujaa, akasema maneno ambayo niliyashika kuliko yote niliyofundishwa mwaka ule: "Huyu ni wa mama yako. Atakachozaa ni chako." Basi nikawa na kitu duniani, na kilikuwa bado hakijazaliwa.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikamwona mama mdogo amechuchumaa anamkamua Mabaka, akiwa na sweta la zambarau. Kiraka cha kijani kilikuwa palepale kwenye kiwiko. Nilimfuata bibi, mama yake baba, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia na ambaye muda wote alikaa karibu na mafiga.

"Bibi, amevaa sweta la mama."

"Najua," bibi akasema, akaendelea kuchambua mlenda.

Sikuuliza zaidi. Nilidhani bibi naye anaogopa. Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili, kwenda shule na kumwangalia mama mdogo, na ya pili niliifanya kwa bidii zaidi.

Ukimwambia mtu wa pwani kwamba Singida kuna baridi ya kuua, atacheka. Atakuuliza kama kuna theluji. Hatuna theluji, tuna upepo. Uwele na alizeti vikishavunwa, mashamba yanabaki matupu, na upepo unakuja umbali wote huo bila kuzuiwa na kitu isipokuwa yale mawe yetu makubwa. Unaingia kwenye ufa wa mlango ambao mchana hukuuona. Mtu mzima anajikunja. Mwanambuzi wa siku mbili, ambaye mbavu zake unaweza kuzihesabu, hana cha kujikunja nacho. Mwaka ule ukazidi kwa sababu yalikuja manyunyu wakati si wake, na manyoya ya mnyama yakilowa upepo unapita hadi kwenye mfupa.

Mbuzi wetu wengi walizaa katika wiki hizo hizo. Wachanga wote waliingizwa kwenye chumba cha mwisho cha tembe, ambacho kilikuwa na mlango wa nje na mwingine wa kuingilia kwetu. Mama mdogo alitandaza makapi ya uwele mpaka kifundoni mwa mguu. Pembeni alichoma kinyesi kikavu, kisiwake bali kifuke tu. Wale dhaifu aliwaweka ndani ya tenga, akapasha mafuta ya alizeti kwenye kikopo, akawasugua masikio, kifua na miguu mpaka wanang'aa kama maandazi. Yote hayo niliyaona, na yote nilikuwa na maelezo yake. Mafuta niliamini ni dawa fulani. Moshi niliamini unaficha harufu ya dawa.

Lakini kilichonimaliza kilikuwa kidole. Kila asubuhi na kila jioni alipita kwa mwanambuzi mmoja mmoja, akamshika taya, akaingiza kidole chake cha shahada kinywani mwake, akakiacha kidogo huku anatazama pembeni kama mtu anayesikiliza. Halafu anakitoa, anajifuta kwenye sweta la mama yangu, anakwenda kwa mwingine. Wengine aliwapita haraka. Wengine alikaa nao, na uso wake ukawa unabadilika, na hao ndio waliokufa. Alikaa na yule wa mbuzi mwekundu, kesho yake akafa. Alikaa na mapacha wa yule asiye na pembe, mmoja akafa. Nilikuwa na miaka tisa na hesabu yangu haikuwa mbaya. Aliowatia kidole akakaa nao walikufa, basi kidole ndicho kinachowaua. Wale aliokaa nao wakapona sikuwahesabu. Mtu anayeshuku hahesabu waliopona.

Palikuwa na mwingine, mweusi tii, ambaye mama yake alikufa wakati wa kumzaa. Huyo mama mdogo alimnywesha maziwa ya ng'ombe kwa chupa ya soda, akimbeba kifuani ndani ya sweta huku akisonga ugali. Nilimwona ametoa kichwa pale kwenye vifungo na nikachukia, si yule mnyama, bali mahali alipokuwa.

Mabaka alizaa siku ya Jumamosi asubuhi. Alizaa jike jeupe lenye sikio moja la kahawia, nami nikampa jina palepale, Riziki. Nilikaa naye mpaka mchana. Alisimama, akaanguka, akasimama tena, akapata chuchu. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu. Jioni mama mdogo akaja, akachuchumaa, akamshika taya.

"Usimtie kidole," nikasema.

Alinitazama. "Nataka nijue hali yake tu, mwanangu."

Akamtia kidole. Akakaa naye. Kisha akaenda kupasha mafuta, na usiku ule ukawa na upepo uliokuwa ukilia kwenye ufa wa mlango. Jumapili Riziki alikuwa bado hai, amelala ndani ya tenga. Jumatatu asubuhi, kabla sijavaa sare, mama mdogo alikuja akakaa ukingoni mwa mkeka wangu, akaniambia Riziki amekufa. Nilimwona kwa macho yangu, miguu imenyooka. Nilimwona pia mama mdogo akimbeba kwenda nyuma ya nyumba, na kisu.

Shuleni nilimweleza rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, binti mwenye kaka wengi na habari nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho akasema kwamba mchawi haui bure. Akiua anamrudisha msukule, akamfanyie kazi. Msukule anaonekana kama yeye ila si yeye, hatambui ndugu zake. Nilimuuliza kama mbuzi anaweza kuwa msukule. Alifikiri, akasema kama mtu anaweza, mbuzi anashindwaje.

Nilirudi mchana. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa nusu wazi, na kwenye lile giza la moshi nikamwona Mabaka amesimama, na chini yake, mkia unatikisika, ananyonya mwanambuzi mweupe mwenye sikio la kahawia.

Nikamwita, "Riziki." Hakugeuka. Alikuwa anasogea kwa shida, kama aliyevaa nguo ya mwenzake. Mama mdogo alikuwa amesimama pembeni akimshika Mabaka shingo, na alikuwa anatabasamu.

"Usimshike," akaniambia kwa sauti ndogo. "Atachukua harufu yako. Mwache siku tatu."

Siku tatu. Nilitoka kinyumenyume. Yule mweusi wa chupa ya soda hakuwemo kwenye tenga, na hilo nalo nikaliweka kwenye orodha yangu. Sikulala vizuri. Kesho yake rafiki yangu alinipa upande wa pili wa elimu yake: msukule huwa amefungwa mahali, ukikata alipofungiwa anapata fahamu na kurudi kwa wenyewe. Katika kikebe changu cha kalamu kulikuwa na nusu ya wembe, kama tulivyokuwa nayo sote, ya kuchongea penseli.

Nilisubiri mama mdogo aende kisimani na madumu. Baba alikuwa shamba, bibi kwenye mafiga. Niliingia kwa mlango wa nje, manyunyu yakanifuata ndani. Yule mweupe alikuwa amelala kwenye makapi. Nilimpapasa tumboni na vidole vyangu vikakuta kamba. Fundo la katani. Lingine chini ya shingo, lingine nyuma. Kumbe kweli amefungwa. Moyo ulinidunda kwa woga na, niseme ukweli, kwa ushindi. Nikakata la kwanza, nikakata la pili, nikakata la tatu, na Riziki akavuka.

Sina neno jingine. Ngozi nyeupe iliteleza ikabaki mkononi mwangu, mbichi, upande wa ndani una mafuta na chumvi, na mle ndani akatoka mwanambuzi mweusi tii, amekonda, akanitazama akalia. Nilipiga kelele. Nikaitupa ile ngozi nje ya mlango kwa nguvu zangu zote, wembe ukaniponyoka, nikakimbia mpaka nyuma ya lile jiwe kubwa la kuanikia nafaka, nikajikunyata huko. Mlango sikuufunga.

Nilichokiona kutoka pale sikuweza kukisahau. Mbwa wa jirani alikuja akaibeba ngozi akaenda nayo. Kisha yule mweusi akamsogelea Mabaka kutafuta chuchu. Mabaka akamnusa mgongoni, akamnusa mkiani, akarudi nyuma hatua moja, akampiga kichwa. Mtoto akarudi. Akampiga tena, akaanguka nje ya kizingiti, kwenye matope na manyunyu, na hakuinuka. Nilijua napaswa kwenda kumwokota. Niliogopa kumgusa. Nilikaa pale nikimtazama mpaka mama mdogo alipotokea na dumu kichwani.

Alilitua dumu bila kuinama vizuri, likapasuka. Alimwokota, akamtia kidole kinywani, akafungua vifungo vya sweta akamweka kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Alikaa naye hivyo karibu na moto jioni nzima, akimpulizia pumzi puani, akimdondoshea maziwa ya moto kwa kona ya khanga. Kabla hatujala alimtoa akamlaza chini. Alikuwa amekufa.

Baba aliporudi aliuliza imekuwaje, na mimi nilikuwa pale pale, sahani mapajani.

"Nilifunga vibaya," mama mdogo akasema. "Ngozi ilivuka yenyewe, mbwa akaichukua. Mabaka akamkataa."

Baba alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa amepoteza watano ndani ya wiki mbili. Alitazama moto, akasema, "Tangu uingie humu ndani wanakwisha mmoja mmoja."

Mtu wa kwetu anajua uzito wa sentensi hiyo. Mume akishaitamka, jirani ataisikia, na kutoka kwa jirani itafika kwa mganga, na mwisho wake ni mwanamke mwenye furushi amesimama peke yake njia panda ya Mkiwa akisubiri basi la kwao. Mama mdogo aliinamisha kichwa, mkono mmoja mfukoni mwa sweta. Nami, niliyeitafuta sentensi hiyo mwezi mzima, niliisikia na sikupata raha yoyote.

Bibi ndiye aliyesema. "Mwanangu, usiseme hivyo mbele ya mtoto. Mke wako alimchuna mwanambuzi aliyekufa akamvika yatima ngozi yake, ili Mabaka anuse mwanawe amnyonyeshe. Hata mimi nilivika wengi nilipokuwa na macho. Siku tatu, nne, mama akizoea unavua ngozi. Na huyo Mabaka mwenyewe alikataa kukamuliwa na mtu yeyote tangu alipoletwa hapa. Alikuwa anaelekea kukauka. Mimi ndiye niliyefungua sanduku nikampa mke wako sweta la marehemu, maana mbuzi alikuwa akimjua mwenye sweta."

"Na kidole?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba.

Bibi alinigeukia kama hakuelewa ninachouliza. "Kidole ndiyo kupima. Kinywa kikiwa cha moto, anaishi. Kikiwa cha baridi, wahi na mafuta. Hukumwona mama yako akifanya?"

Mama alikuwa na mbuzi mmoja, tena mjini. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Baba alitoka nje akakaa huko kitambo, aliporudi alimwambia mke wake, "Nimesema vibaya," na kwa wanaume wa kwetu hiyo ni hotuba ndefu. Mimi nilikuwa na nafasi ya kukiri, na nikameza ugali.

Asubuhi nilikuta sweta la zambarau limekunjwa vizuri kwenye mkeka wangu, limefuliwa, bado lina unyevu. Nje mama mdogo alikuwa anamkamua Mabaka na blauzi tu, upepo unampiga, mikono imemkauka, na Mabaka anarusha mateke. Maziwa yalimwagika mara mbili. Nililichukua sweta, nikaenda nikamwekea mabegani kutoka nyuma. Hakugeuka. Aliingiza mkono mmoja, halafu mwingine, na Mabaka akatulia.

Tuliishi vizuri baada ya hapo. Mwaka uliofuata Mabaka alizaa pacha, na ukoo wake ndio ulionilipia sekondari. Mama mdogo hakujaliwa mtoto mwingine zaidi yangu. Baba na bibi tumeshawazika. Lakini lile la wembe sikulisema. Kila mwaka nilikuwa nikijiambia mwaka huu, na kila nikifika nyumbani nakuta kuna wageni, au kuna kazi, au uso wake umechangamka mno nikaona nisiuharibu.

Juzi, baada ya sweta la mwanangu kunifanya nisimame uani vile, nilipanda gari nikaenda. Nilimkuta yuko kwenye chumba kile kile, sasa kina bati, amekaa kwenye kigoda, mwanambuzi mapajani. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye makapi, nikaanza kabla sijapewa hata maji.

"Mama, yule mweusi. Kamba hazikufunguka. Nilizikata mimi."

"Kwa nusu wembe," akasema.

Nilimtazama.

"Niliuokota siku ile ile kwenye makapi, kabla mbuzi hajaumeza. Na kamba zilikuwa zimekatwa, siyo kufunguka. Nilivitia mfukoni." Akacheka kidogo. "Wembe huo nimekukatia kucha nao mpaka ukaisha makali."

Niliona aibu, ikanijia yote kwa mara moja, ya miaka yote hiyo. "Sasa mbona hukumwambia baba? Alikuwa karibu kukufukuza."

Aliingiza kidole kinywani mwa yule mwanambuzi, akatazama pembeni, akasikiliza.

"Mimi ningerudi kwetu Manyoni," akasema. "Wewe ulikuwa umeshatolewa kwa shangazi yako. Wewe ungerudi wapi?"

Kisha akanipakatisha yule mnyama, akainuka kwenda kupasha mafuta.